Kijiji cha Java: Utulivu Tunaousifu na Kazi Iliyo Nyuma Yake

Video za vijiji vya Java haziishi kuzunguka kwenye simu zetu. Njia nyembamba iliyofagiwa, majaruba ya mpunga yakishuka mlimani ngazi kwa ngazi, volkano inafuka moshi kwa mbali, mama aliyevaa kofia pana ya mianzi anapita na baiskeli. Chini yake maoni ni yale yale. Kuna anayeuliza kama hicho ni kijiji au mji. Kuna anayesema wenzetu wale wameumbiwa upole na ushirikiano. Kuna anayeamini wote ni wakulima wanaokula jasho lao bila shida, na mwingine anatilia shaka hata dini yao kwa kuwa ameona wakiweka chakula na maua pembeni mwa shamba.

Maoni hayo hunisumbua kwa sababu yanawageuza watu wanaofanya kazi ngumu kuwa picha ya kutundika ukutani. Utulivu ule haukushuka na mvua. Unatengenezwa kila siku kwa taratibu zenye gharama, na gharama hizo haziwaelemei wote sawasawa. Mfano wangu mkuu utakuwa Bantul, wilaya iliyo kusini mwa jiji la Yogyakarta, kati ya mlima Merapi na Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayopiga kuta za Mombasa.

Kwanza ukubwa wa mahali penyewe. Java ni kisiwa kimoja tu kati ya maelfu ya visiwa vya Indonesia, na kina kilomita za mraba 129,000 hivi. Ndani ya Tanzania vingeingia visiwa saba vya namna hiyo na nafasi ikabaki. Lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 151 Java peke yake, wakati Tanzania nzima katika sensa ya 2022 ilikuwa na watu milioni 61.7. Kwa hiyo kila kilomita ya mraba ya Java, ukiingiza hesabuni hata vilele vya volkano na misitu, ina watu zaidi ya elfu moja. Anayeuliza "kijiji au mji?" ana haki ya kuuliza, maana kwa idadi ya watu kijiji cha kawaida cha Java kimebanana kuliko miji yetu mingi midogo.

Kinachokifanya kiitwe kijiji ni namna kinavyotawaliwa, na hapa msomaji wa Tanzania hana haja ya kuhangaika. Kijiji huitwa desa. Ndani yake kuna vitongoji, dusun. Kitongoji nacho kimegawanywa hadi kufikia kikundi cha majirani kiitwacho RT, ambacho kinafanana sana na nyumba kumi, ila nyumba zake huwa nyingi zaidi. Mwenyekiti wa RT ni jirani kama majirani wengine. Ndiye anayejua nani ameumwa, nani amepata mgeni wa kulala, nani anahitaji barua ya utambulisho. Mpangilio huu wa vikundi vya majirani haukuwapo Java tangu enzi za mababu. Uliletwa na Wajapani mwaka 1944 walipokuwa wameikalia nchi wakati wa vita, ili kugawa chakula, kukusanya vibarua na kuwafanya watu wachungane. Wajapani wakaondoka mwaka uliofuata, utaratibu ukabaki, na wenyewe wakaupa roho nyingine.

Tofauti inayowachanganya hata Waindonesia wenyewe ni ile ya desa na kelurahan. Desa humchagua kiongozi wake kwa kura. Kelurahan ni kata ya mjini, na kiongozi wake, lurah, ni mtumishi wa serikali aliyeteuliwa. Ila ukifika jimbo la Yogyakarta mambo yanageuka: kuanzia 2020 vijiji vya huko vimerudishiwa jina la zamani, kalurahan, na kiongozi wake anaitwa lurah ingawa amepigiwa kura. Herufi moja tu inatenganisha. Ndiyo maana hata hesabu za vijiji hugongana. Indonesia ina desa 75,000 hivi na kelurahan zaidi ya 8,000. Rais Prabowo Subianto alipozindua mpango wa vyama vya ushirika zaidi ya 80,000 mwezi Julai 2025, katika kijiji kimoja cha Klaten, Java ya Kati, idadi hiyo ilijumlisha desa na kelurahan pamoja.

Bahari ya mpunga, visiwa vya miti

Ukisimama kando ya barabara Bantul hutaona nyumba. Utaona mpunga, tambarare hadi macho yanachoka, na humo katikati makundi manene ya miti kama visiwa. Kila kisiwa cha miti ni kitongoji. Ardhi ya tambarare yenye maji haijengwi ovyo kwa kuwa ndiyo chakula, hivyo watu wamejisogeza pamoja kwenye vipande vilivyoinuka kidogo na kupanda miti kuwazunguka.

Ua wa nyumba, ambao wao huuita pekarangan, unastahili kutazamwa kwa makini. Juu kabisa kuna minazi. Chini ya minazi kuna mifenesi, miembe na mianzi, kisha migomba na mipapai, kisha mihogo na pilipili, na ardhini kabisa manjano, tangawizi na mchaichai. Kuku wanapekua chini ya yote hayo, na pengine kuna banda la mbuzi au ng'ombe mmoja ambaye ndiye akiba ya benki ya nyumba nzima. Bibi wa Pemba akiingia humo atatambua karibu kila mmea, na si kwa bahati: migomba asili yake ni upande huo wa Asia, ikavuka bahari kuja kwetu zamani sana. Kipande hicho kidogo kinatoa mboga, dawa, kuni, majani ya kufungia chakula na pesa ya haraka ya kumpeleka mtoto shule. Mtu anayepima umaskini wa Java kwa kutazama shamba la mpunga peke yake anakuwa amesahau nusu ya riziki.

Ua huo hufagiwa kila alfajiri kwa fagio la njiti za mnazi. Nyumba nyingi za kijijini hazina ukuta wala seng'enge. Jirani hukatiza uani kwako kwenda kwake, na wanawake huingiliana kwa mlango wa jikoni. Uchafu wako unaonekana na kila mtu. Usafi ule wa kwenye video ni mapenzi ya usafi, ndiyo, lakini vilevile ni macho ya jirani.

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2006, kabla saa kumi na mbili haijatimia, tetemeko la ardhi liliipiga Bantul. Zaidi ya watu 5,700 walikufa katika eneo lote la Yogyakarta na Java ya Kati, wengi wao wakiwa Bantul, chini ya kuta za matofali zisizo na nondo. Fedha za serikali za kujengea upya zilipitishwa kwa vikundi vya majirani, waliokaa pamoja, wakapanga nyumba ya nani ianze, wakajengeana kwa zamu. Ndani ya takriban miaka miwili sehemu kubwa ya nyumba zilikuwa zimesimama tena. Wageni walistaajabu. Wanaokijua kijiji cha Java hawakushangaa sana, kwa sababu vikundi havikuundwa siku ile. Vilikuwapo, na vilikuwa na mazoezi ya miaka.

Shamba la nani?

Sasa tuingie kwenye mpunga wenyewe, maana hapa ndipo dhana ya "wote ni wakulima" inapovunjika.

Mkulima mwenye chini ya nusu hekta, yaani pungufu ya eka moja na robo, Indonesia ana jina lake: petani gurem. Sensa ya kilimo ya 2013 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 14 za namna hiyo nchini kote. Ile ya 2023 ikakuta karibu milioni 17, na wengi wao wako Java. Sababu kubwa ni urithi. Chukua chapati moja, wagawie watoto wanne, kisha kila mtoto akikua agawe kipande chake kwa watoto wake. Kizazi cha tatu kinagombania makombo. Mtu mwenye robo hekta ya mpunga, hata avune mara mbili au tatu kwa mwaka, hawezi kulisha, kusomesha na kuoza kwa shamba hilo peke yake. Kwa hiyo mchana analima, jioni anaendesha bodaboda, msimu wa ujenzi anakwenda mjini kubeba zege, na mkewe anauza tempe, yaani soya iliyochachushwa, au anachora batiki. Kwa kaya nyingi za kijijini pesa inayotoka nje ya shamba ni kubwa kuliko ile ya shambani.

Halafu wapo wasio na hata hicho kipande. Shamba unaloliona kwenye video linaweza kuwa la mwalimu mstaafu anayeishi mjini, likalimwa na mtu wa nusu kwa nusu, utaratibu wanaouita maro: mazao yakitoka, nusu kwa mwenye ardhi, nusu kwa aliyelima. Na miche inapandikizwa na kundi la tatu, wanawake vibarua wasiomiliki chochote pale. Huingia majini alfajiri, wamepinda migongo, wakipanda huku wakirudi nyumanyuma ili wasikanyage walichokwisha kupanda. Mwendo wao unapendeza kweli kwenye kamera. Malipo yao ni ya siku.

Wanawake hawa ndio waliolipa bei ya mapinduzi ya kilimo bila kuulizwa. Zamani mavuno yalifanywa kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, ani-ani, kinachokata suke mojamoja. Kazi ilikuwa ya polepole, na kwa desturi mwenye shamba hakumfukuza jirani aliyekuja kuvuna. Kila mvunaji aliondoka na fungu lake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 zikaja mbegu fupi zinazozaa haraka, mbolea na dawa. Mwaka 1984 Indonesia ikatangaza kujitosheleza kwa mchele, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likaitambua hatua hiyo mwaka uliofuata. Yalikuwa mafanikio makubwa, yaliokoa watu na njaa, na sipendi kuyabeza. Lakini mpunga mfupi ulikatwa kwa mundu, na wenye mashamba wakaanza kuuza mazao yakiwa bado shambani kwa mnunuzi anayekuja na vibarua wake mwenyewe. Jirani aliyekuwa akipata fungu akabaki anatazama kutoka tutani. Wakati huohuo mashine za kukoboa zikaingia, na kazi ya kutwanga iliyowapa wanawake maskini mchele wa jioni ikatoweka ndani ya miaka michache.

Dawa nazo zilileta balaa lake. Zilipopulizwa kwa wingi ziliua buibui na wadudu wengine wanaokula wadudu waharibifu, na mdudu wa kahawia anayefyonza mpunga, wereng, akabaki bila adui. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Kuanzia 1989 wakulima wa Java wakaanza kukusanyika shambani kila wiki, msimu mzima, kuhesabu wadudu kwenye mashina, kulinganisha majaruba na kuamua wenyewe kama kuna haja ya kupuliza. Katikati ya miaka ya 1990 mbinu hiyo ilifika Kenya, ikaenea Afrika Mashariki, na leo mkulima wa Mbeya au Kilifi anaijua kwa jina la shamba darasa. Nadhani ni wachache kati yetu wanaojua kwamba darasa hilo lilianza kwenye matope ya Java.

Kopo la mchele ukutani

Kitu kinachonivutia kuliko vyote ni kidogo mno kuonekana kwenye video. Kwenye ukuta wa mbele wa nyumba nyingi za kijijini kunaninginia kikopo, cha bati au plastiki. Jioni mwenye nyumba anaweka humo konzi ya mchele. Usiku wanaume wa zamu ya ulinzi, mfano wa sungusungu wetu, wanapita nyumba hadi nyumba na mfuko, wanamimina, wanaendelea. Kituo chao ni kibanda kidogo chenye gogo lililochongwa tundu, la kugonga wakati wa moto, mwizi au msiba. Mchele uliokusanywa huuzwa, na pesa inanunua balbu ya njiani, viti vya plastiki na sahani za shughuli, au inakwenda kwa mgonjwa. Huu ndio jimpitan. Siku hizi vitongoji vingi vimeacha mchele, mtu anaweka sarafu ya rupia 500 tu.

Tazama utaratibu huo ulivyo na akili. Mchango wenyewe ni mdogo kiasi kwamba hata maskini anaumudu, kwa hiyo hakuna anayeachwa nje ya hesabu. Anayekusanya leo ni jirani ambaye kesho kikopo chake kitakusanywa na mwingine. Na kikopo kikikutwa kitupu usiku wa pili na wa tatu, watu watauliza kulikoni: mwenyewe amefulia, anaumwa, au amegombana na mtu? Kwa kukusanya mchele, kitongoji kinajua hali ya kila nyumba.

Juu ya hicho kuna arisan, ambao ni upatu wetu kabisa: kila mtu anatoa, mmoja anachukua, zamu inazunguka. Arisan nyingi za kijijini hukutana kila siku 35, na hapo kuna jambo la kueleza. Mbali na wiki ya siku saba, Wajava wana wiki nyingine ya siku tano: Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon. Magulio ya zamani yalizunguka kwa siku hizo ili wachuuzi wahame soko hadi soko, na hadi leo kuna masoko yanayoitwa Pasar Legi au Pasar Kliwon hata kama yanafunguliwa kila siku. Wiki hizo mbili zikienda sambamba, siku ileile ya pande zote mbili hurudi baada ya siku 35. Mwaka 1633 Sultani Agung wa ufalme wa Mataram aliiunganisha kalenda ya Kijava na miezi ya Kiislamu. Kaburi lake liko kilimani Imogiri, hukohuko Bantul, na watu wanapanda ngazi kulizuru.

Kisha kuna shughuli. Harusi, tohara na msiba vinawakusanya wanawake wa kitongoji jikoni kwa siku kadhaa, kukuna nazi, kuosha mchele, kukaanga. Asiyekuja kupika kwa wenzake atapika peke yake siku yake ikifika. Fedha na mchele wanavyoleta wageni huandikwa kwenye daftari, jina kwa jina, na daftari hutunzwa miaka. Mtu aliyekuletea kilo tano za mchele, siku yake ikifika, hupelekewa zisizopungua hizo. Anayejua kamati za harusi za Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi ya jinsi mwezi wenye kadi nyingi unavyouma. Mwezi wa Besar, yaani Mfungo Tatu kwa hesabu yetu ya pwani, ndio wa harusi nyingi, na kibarua anaweza kukopa ili achangie. Kwa hiyo anayesema "wenzetu wana upendo" hajakosea, ila aongeze kwamba upendo huo una daftari, na mwenye kipato kidogo unambana zaidi. Hata hivyo daftari hilohilo ndilo linalomzika mama mjane kwa heshima. Sijaona njia ya kupata moja bila jingine.

Lugha nayo imo kwenye kazi hii. Kijava kina ngazi: kuna maneno ya kumwambia rika lako na maneno mengine kabisa ya kumwambia mkubwa, hata kwa vitendo vya kawaida kama kula na kwenda. Kijana akikutana na mzee njiani hainami tu kidogo. Anabadilisha msamiati mzima. Mzee, awe bibi au babu, ni Mbah, mwanamume wa makamo ni Pak, dada aliyemzidi kidogo ni Mbak. Sisi wa shikamoo tunaelewa uzito wake, ila wao wameupeleka mbali zaidi.

Ni Waislamu?

Ndiyo, walio wengi ni Waislamu. Jumuiya mbili kubwa za Kiislamu nchini zilizaliwa Java: Muhammadiyah huko Yogyakarta mwaka 1912, na Nahdlatul Ulama huko Surabaya mwaka 1926. Bantul wapo Wakristo pia. Kanisa la Ganjuran lililojengwa mwaka 1924 lina hekalu dogo la mawe la mtindo wa Kijava, na wanakijiji Wakatoliki husali pale hadi leo.

Chakula kinachowatatiza watazamaji kwa kawaida ni cha slametan, au kenduri, yaani karamu ya dua. Majirani wanaume wanaitwa, wanakaa mkekani, katikati kuna wali uliosimamishwa kama mlima mdogo, kuku na mboga. Mwenyeji anatamka shabaha yake, kiongozi wa dua anasoma kwa Kiarabu, wote wanaitikia amina, wanaonja kidogo, kisha kila mmoja anakwenda na fungu lake nyumbani kwa mkewe na watoto. Hufanywa mtoto akizaliwa, mtu akihamia nyumba mpya, na akifa: siku ya tatu, ya saba, ya arobaini, ya mia, hadi ya elfu. Mtu wa pwani yetu aliyezoea hitima na arobaini hatakuta mambo mageni. Kabla ya Ramadhani, mwezi wa Shaabani, kitongoji kizima huenda kusafisha makaburi, kusoma dua na kula pamoja. Na baada ya mavuno vijiji vingi hufanya sherehe ya kukisafisha kijiji, pamoja na mchezo wa vivuli vya ngozi usiku kucha, na wazee wengine wakimkumbuka Dewi Sri, bibi wa mpunga wa hadithi za kale.

Mjadala wa bidaa, yaani mambo yaliyozushwa katika dini, upo kwao kama ulivyo kwetu. Wafuasi wa Muhammadiyah kwa jumla hawazipendi shughuli hizi. Wa Nahdlatul Ulama wanazitetea kuwa ni sadaka na dua. Katika kitongoji kimoja utakuta pande zote mbili, na mara nyingi suluhu inapatikana jikoni: asiyekubali slametan anapelekewa fungu kwa jina la sadaka tu, na analipokea. Tunao hata udugu wa moja kwa moja. Masharifu na wanazuoni wa Hadhramaut, Yemen, walivuka bahari kuelekea pande zote mbili, na maulidi aliyoitunga Ali Habshi kule kwao inasomwa Lamu na inasomwa Solo, jiji la Java ya Kati.

Upande wenye giza

Yeyote anayewasifu Wajava kwa upole wa kuzaliwa nao anapaswa kukumbuka 1965. Mwaka 1960 sheria za kugawa ardhi zilipitishwa, utekelezaji ukasuasua, na kufikia 1963 na 1964 wakulima waliokuwa na chama cha kikomunisti walianza kujichukulia mashamba, Klaten ikiwa moja ya sehemu moto. Baada ya jaribio la mapinduzi la Septemba 30, 1965, jeshi na vikundi vya raia waliwasaka wakomunisti na yeyote aliyetuhumiwa. Makadirio ya kawaida ni kwamba waliuawa watu nusu milioni au zaidi, wengi Java na Bali, na mara nyingi muuaji alikuwa wa kijiji jirani, pengine kilekile. Waliobaki waliendelea kuishi karibu karibu, kuchota kisima kimoja, kuoleana. Mtu anayelinda sana kupatana na jirani, anayemeza neno badala ya kulitamka, huenda anajua vizuri sana kinachotokea neno hilo likitoka.

Serikali nazo zimekitumia kijiji kwa shabaha zao. Waholanzi, kuanzia 1830, waliwalazimisha wanakijiji kutenga sehemu ya ardhi na nguvu zao kwa kahawa, miwa na nili ya soko la Ulaya, na wakamtumia mkuu wa kijiji kama msimamizi. Sukarno, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Indonesia, kwenye hotuba yake ya Juni 1, 1945, alisema falsafa yote ya taifa inaweza kufupishwa kuwa gotong royong, kubebeana mzigo. Ni wazo zuri, na sisi tuliopitia ujamaa na harambee tunalisikia moyoni. Ila chini ya Suharto, rais aliyemfuata, neno hilohilo likawa amri ya kuchimba mfereji bila malipo, vyama vya siasa vikazuiwa kufanya kazi vijijini nje ya kampeni, na sheria ya 1979 ikavilazimisha vijiji vyote vya nchi kuvaa sare moja.

Mkondo uligeuka na sheria ya vijiji ya 2014. Kuanzia 2015 kila kijiji kinapata fedha moja kwa moja kutoka bajeti ya taifa. Mwaka huo zilikuwa rupia trilioni 20.7, na kufikia 2019 zilikuwa trilioni 70. Njia za zege unazoziona kwenye video, mitaro na zahanati ndogo, nyingi zimetoka humo. Vijiji hutundika bango kubwa linaloonyesha mapato na matumizi ya mwaka, jambo ambalo ningependa kuliona kwenye ofisi za vijiji vyetu. Bango halijazuia wizi, viongozi wa vijiji wamefungwa kwa ufisadi mwaka hadi mwaka, na kiti kimekuwa kitamu: Januari 2023 maelfu ya wakuu wa vijiji waliandamana Jakarta kudai muhula mrefu zaidi. Mwaka 2024 bunge likawapa miaka minane badala ya sita, kwa vipindi viwili.

Kijiji kinahama

Vijana wa vijiji hivi wako viwandani pembeni mwa Jakarta, au ni wafanyakazi wa nyumbani Hong Kong, Taiwan na Saudi Arabia. Nyumba yenye vigae vinavyong'aa katikati ya kitongoji mara nyingi ni jasho la binti aliye ng'ambo. Wanaobaki shambani wanazeeka, zamu ya usiku inakosa watu, na baadhi ya vitongoji vimeanza kumlipa mlinzi mmoja.

Ardhi yenyewe inakwenda kwa barabara za kulipia, viwanja vya ndege na viwanda. Mwezi Februari 2021 kijiji cha Sumurgeneng, Tuban, Java Mashariki, kilitikisa dunia kwa siku chache: watu waliolipwa fidia ili kupisha kiwanda cha kusafisha mafuta walinunua magari mapya zaidi ya 170, yakaletwa na malori kwa msafara. Haukupita mwaka, Januari 2022, baadhi yao walikuwa barabarani wakiandamana kudai ajira walizoahidiwa, na wengine wakasimulia kwamba wanauza ng'ombe wapate kula.

Habari zilizungumza juu ya waliolipwa. Fidia ya ardhi humfuata mwenye hati. Yule mama aliyepandikiza miche kwa malipo ya siku, mtu wa nusu kwa nusu, na aliyekuwa akifuata wavunaji kuokota masuke yaliyobaki, hawana karatasi ya kuonyesha kwamba shamba lile lilikuwa riziki yao pia, na siku lilipofukiwa kifusi hawakuwa na dirisha la kwenda kupanga foleni.